Maswali ya Wasomaji: Kuhudumia Wateja Katika Duka la Vitabu

Katika toleo hili nimeweka pamoja barua tatu za vijana wanaofanya kazi ya saa chache katika maduka ya vitabu. Kila mwaka shule zinapofunguliwa barua za namna hii huongezeka, nami niliuza vitabu kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa safu hii na bado naiheshimu sana kazi hiyo. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi yameachwa kwa ombi lao.

Wazazi wanafoka, nami naanza kuwachukia

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili, hapa Dar es Salaam. Tangu Novemba ninauza katika duka la vitabu katikati ya jiji, kuanzia saa 8 mchana hadi saa 12 jioni siku za kazi, na Jumamosi kutwa nzima. Nilidhani itakuwa kazi ya utulivu, lakini Januari imenionyesha mengine. Wazazi huzisukuma orodha za shule juu ya kaunta bila salamu, na ukimwambia mtu kwamba kitabu kimoja hakipo anafoka kana kwamba umekificha wewe. Wengine hutaja rangi ya jalada tu na kukasirika ukiwauliza zaidi. Wengine husema kwamba barabarani ni nusu bei. Wiki iliyopita mama mmoja alirudisha kitabu cha hisabati ambacho mtoto alikuwa ameshaandika jina lake na kujibu maswali ya kurasa za mwanzo, akadai arudishiwe fedha. Mwenye duka anatuambia kwamba mteja ni mfalme, tunyamaze. Nifanyeje nisije nikawachukia watu ninaowauzia?*
*N., Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza mapema. Jambo ambalo naamini litakusaidia kuliko mbinu zote ni hili: wengi wa wanaokufokea wanaona aibu kuliko wanavyokasirika. Anayekwenda kununua sukari anajua anachokitaka, anajua jina lake na anajua takriban bei yake. Anayeingia dukani kwenu na orodha ya shule mara nyingi hajui lolote kati ya hayo. Orodha imeandikwa kwa Kiingereza ambacho huenda hakisomi vizuri, inataja wachapishaji asiowafahamu, jumla yake inaweza kuzidi fedha alizonazo mfukoni, na anatakiwa kuyadhihirisha yote hayo mbele ya kijana wa umri wa mwanawe huku watu wengine wakisikiliza. Sauti ya juu humsaidia kujificha. Ukishalielewa hilo, utaona kwamba kazi yako kubwa Januari nzima ni kumwondolea mtu aibu hiyo haraka kadiri uwezavyo, na kwamba hasira nyingi hupungua zenyewe aibu ikishaondoka.

Anza na salamu. Najua foleni ya Januari ilivyo, lakini kumwuliza mtu mzima "nikusaidie nini?" kabla ya kumwamkia ni kumwambia ataje shida yake aondoke, na wengi wa hao wanaosukuma orodha bila salamu walikuwa wanasubiri kuona kama wewe mdogo utaanza. Watu wakijaa, inua macho useme kwa wote: "Shikamooni wazazi wangu, nimewaona, nitawahudumia kwa zamu." Kisha ishike zamu hiyo kweli, hata kama anayekufahamu kwa jina anakunyooshea noti juu ya mabega ya wenzake. Watu huvumilia kusubiri. Wasichovumilia ni kurukwa.

Utamsikia mzazi akisema, "Hebu nisomee mwanangu, miwani nimeisahau nyumbani." Usichunguze habari za miwani. Iweke orodha katikati yenu, soma kwa sauti ya chini inayomfikia yeye peke yake, na kwa kila kitabu mwambie kwa Kiswahili ni cha somo gani. Shika kalamu, tia alama kwenye vilivyopo, andika bei pembeni, na kabla hujajumlisha mwulize: "Leo tuanze na vipi, mama?" Swali hilo humpa nafasi ya kuchukua viwili sasa na vingine mwisho wa mwezi bila kulazimika kutamka kwamba fedha haitoshi. Mweleze pia vipi ni vya kiada, ambavyo mtoto atavihitaji darasani tangu mwanzo wa muhula, na vipi ni vya ziada, ambavyo aghalabu vinaweza kusubiri. Muuzaji anayemwambia mteja "hiki kisikusumbue leo" hupoteza mauzo ya siku moja na kupata mteja wa miaka.

Hapo ndipo unapotakiwa kuijua bidhaa yako barabara. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, yakiwemo darasa la kwanza na la tatu, na umekuwa ukiingia kwa awamu. Kwa hiyo kitabu alichokitumia kaka mtu kinaweza kuwa cha somo lile lile na darasa lile lile na bado kisimfae mdogo wake. Mzazi asiyeambiwa hilo hununua toleo la zamani, mwalimu humrudisha mtoto nalo, naye huja kukufokea, na safari hiyo ana haki. Fungua ukurasa wa mwanzo wenye mwaka wa kuchapishwa, mwonyeshe kwa kidole, na kama huna uhakika wa toleo ambalo shule inalitaka, mwombe ampigie mwalimu simu akiwa hapo hapo kwenye kaunta.

Anayetaja rangi ya jalada peke yake usimwulize jina la mwandishi, kwa kuwa angelijua angelisema. Mwulize anayoyajua: mtoto yuko darasa la ngapi, anasoma shule inayofundisha kwa lugha gani, kitabu ni cha somo gani, ni kinene au chembamba. Kisha shusha vitabu viwili au vitatu kutoka kwenye rafu, vipange mbele yake, umwache aelekeze mwenyewe. Akisema "hiki hapa!" ameshinda yeye, na ataondoka akiwa ametabasamu.

Kitabu kisipokuwepo, usiishie kusema kwamba hakipo huku umeshamgeukia mwingine. Mwambie mzigo unatarajiwa lini, andika jina na namba yake kwenye daftari la oda, na kikifika umpigie kweli, kwa sababu daftari la oda ambalo halifunguliwi tena ni uongo ulioandikwa. Kama duka la jirani linacho, mwelekeze huko. Mwambie pia, ikiwa ni kitabu cha kiada cha Taasisi ya Elimu Tanzania, kwamba taasisi hiyo ina maktaba ya mtandaoni ambamo vitabu vyake husomwa bila malipo, hivyo mtoto anaweza kuanza kusoma kwa simu wakati nakala inasubiriwa. Mwenye duka anaweza kununa akikusikia, lakini mzazi uliyemwelekeza kwa uaminifu Januari ndiye atakayerudi kwako muhula wa pili unapofunguliwa Julai.

Kuhusu bei ya barabarani, usiwadharau wauzaji wa kando ya njia. Vitabu vilivyotumika wanavyouza ni vitabu halali, na wasomi wengi wa nchi hii walijaza rafu zao kutoka kwao. Kama duka lenu lina bei moja isiyopunguzwa, liseme hilo mara moja kwa upole na usiingie katika kupatana ambako huna mamlaka nako. Lakini mteja akikuonyesha kitabu kipya kilichouzwa nusu bei, mfundishe kukikagua: wino uliofifia katikati ya mstari, kurasa zilizokatwa upande, picha ambazo zilistahili kuwa za rangi zikawa nyeusi na nyeupe, mgongo unaoachia gundi ukikifungua mara ya pili. Hicho kimedurufiwa bila idhini, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyounda COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki nchini, inakataza jambo hilo. Mwandishi hapati hata senti katika nakala ya namna hiyo, na mtoto atakuwa na karatasi zilizotawanyika kabla ya muhula kwisha.

Sasa yule mama wa kitabu cha hisabati. Kitabu kilichojibiwa maswali hakiwezi kuuzwa tena kama kipya, na ungekuwa sahihi kutokipokea, ikiwa kosa halikuwa lenu. Ila kuna hali mbili ambazo duka linapaswa kuubeba mzigo hata kama mtoto ameshaandika jina lake. Ya kwanza ni pale muuzaji alipomhakikishia mzazi kwamba hilo ndilo toleo linalotakiwa, kumbe silo. Ya pili ni kasoro ya kiwandani. Kitabu hufungwa kwa mafungu ya kurasa, mara nyingi 16 kwa fungu, na fungu moja likiruka au likirudiwa mtu hatagundua hadi mwalimu afike hapo. Jenga mazoea ya kuzipitisha kurasa kwa kidole gumba mbele ya mteja kabla ya kufunga mfuko. Ni kazi ya sekunde chache inayoepusha ugomvi mwingi. Jenga pia mazoea ya kumwambia masharti ya kurudisha wakati unampa risiti, kabla hajaondoka. Risiti za mashine ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, huchapishwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo mshauri aipige picha kwa simu, na kama mashine yenu huchapa neno "vitabu" tu, andika jina la kitabu nyuma yake kwa kalamu.

Wanafunzi wanaosoma wakiwa wamesimama kwenye rafu bila kununua hukuwataja, lakini nakusihi usiwafukuze. Mradi hawakunji kurasa wala kuzipiga picha moja baada ya nyingine, waache wasome. Nchi yenye maktaba chache za umma inawahitaji watu wanaopenda kusimama karibu na vitabu.

Na mfalme? Hapo natofautiana na mwajiri wako. Mteja ni mgeni wa duka, anastahili heshima yote, lakini hakuna anayeajiriwa ili atukanwe. Mtu akitukana, punguza sauti yako badala ya kuipandisha, mwambie, "Nitakuhudumia, lakini naomba tuheshimiane," na akiendelea mwite mwenzako ashike nafasi yako, wewe uende stoo. Sura mpya kwenye kaunta hupoza moto ambao maneno yako, hata yakiwa mazuri namna gani, yangeuchochea. Mwombe mwenye duka akubaliane na utaratibu huo siku ya utulivu, wala usisubiri foleni ifike mlangoni.

Anataka risiti iongezwe

*Habari za kazi, Mama. Ninauza vitabu na vifaa vya shule jioni na mwisho wa wiki huku Arusha. Kuna mnunuzi wa shule moja ambaye huja na oda kubwa, halafu huomba risiti iandikwe bei ya juu kuliko aliyolipa, ili apate cha juu. Mwenzangu anasema tukikataa atahamia duka jingine na tutalaumiwa kwa kupoteza mteja mkubwa. Mimi ni kibarua tu. Nina uwezo gani wa kukataa?*
*P., Arusha*

Ndugu P., kwa sababu wewe ni kibarua ndipo unapotakiwa kukataa, maana jina litakaloonekana kwenye karatasi hiyo ni la aliyeiandaa. Kiasi kinachoingizwa kwenye mashine ya EFD hupelekwa Mamlaka ya Mapato kama mauzo ya duka. Ukiongeza bei, umemwandikia mwajiri wako mapato ambayo hakuyapata, naye atatakiwa kuyatolea hesabu. Akikuomba badala yake umwandikie kwa mkono kwenye kitabu cha risiti, basi makosa ni mawili: umeikwepa mashine, na umeandika uongo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inakataza kutumia hati yenye maelezo ya uongo ili kumdanganya mwajiri wa mtu, na huyo mnunuzi ana mwajiri, ambaye ni shule, yaani ada za wazazi wale wale wanaokuja kwako na noti zilizokunjwa.

Namna ya kukataa inaweza kuwa ya adabu na bado isiyoyumba. Mwambie, "Kaka, mashine inachapa kile nilichopokea, siwezi kuibadilisha," kisha endelea kumfungia mzigo wake kama kawaida. Usimhubirie mbele ya watu. Kama kinachomleta ni unafuu, mwombe mwenye duka aone kama anaweza kuipunguzia bei oda kubwa waziwazi, punguzo hilo lionekane kwenye risiti na faida yake iende shuleni. Mwenye duka aambiwe siku hiyo hiyo, na wewe, wala asisikie kwa mwenzako baadaye. Asipotaka kukusikiliza, au akikuagiza uandike, hapo mteja hahusiki tena, na nakushauri utafute kaunta nyingine.

Vitabu vimeibwa, mshahara umekatwa

*Shikamoo Mama. Ninafanya kazi Ijumaa hadi Jumapili katika duka la vitabu jijini Mwanza. Desemba ilipofanyika hesabu ya mali, kamusi kadhaa hazikuonekana. Mwenye duka alisema wateja wameiba wakati wa zamu yetu, akakata karibu nusu ya malipo yangu ya mwezi bila maelezo zaidi. Tangu hapo ninamfuata kila mteja kijana kwenye rafu, na baadhi wameondoka wamechukia. Nifanye nini?*
*K., Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na wateja, kwa sababu hofu ya kukatwa tena imeanza kukufanya uwatendee vibaya watu wasio na hatia. Kijana anayefuatwa nyuma kwenye rafu hujifunza kwamba duka la vitabu si mahali pake, na huenda asirudi tena maishani. Wizi hupungua zaidi kwa kumpokea kila anayeingia kuliko kwa kumpeleleza. Mwangalie usoni, msalimie, mwulize kama anatafuta kitu maalumu. Mwenye nia mbaya akishajua kwamba ameonekana hukosa raha, na mwenye nia njema hufurahi. Mabegi yabaki kaunta kwa kila mtu, mwenye suti na mwenye sare ya shule, kwa sababu sharti likiwa la wote halimdhalilishi yeyote. Vitabu vidogo vya bei kubwa, kamusi za mfukoni zikiwa mojawapo, viwekwe nyuma ya kaunta au pale macho yako yanapofika ukiwa unahesabu chenji. Ukimshuku mtu, mwite mwenye duka; usimpekue mteja mwilini, na kamwe usimpigie kelele za mwizi, kwa sababu sote tunafahamu kelele hiyo inavyoweza kuishia mtaani.

Malipo yako ni suala la sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya hasara kama anavyopenda mwenyewe. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Akueleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi lilivyokokotolewa. Akupe nafasi ya kulipinga. Nawe uwe umekubali makato hayo kwa maandishi. Jumla haiwezi kuzidi hasara halisi, na makato hayo hayawezi kuzidi robo ya ujira wako wa fedha. Kukatwa karibu nusu, bila karatasi, kwa kuwa tu wewe ulikuwa mmoja wa waliokuwa zamu, hakukidhi masharti hayo. Kufanya kazi siku tatu kwa wiki hakukuondoi kwenye kinga ya sheria hii.

Usianze kwa vita. Mwandikie mwenye duka barua fupi yenye heshima, ukimwomba orodha ya kamusi zilizopotea, bei zake za kununulia, tarehe ya hesabu ya mali iliyotangulia na majina ya wote waliokuwa zamu katika kipindi hicho. Mara nyingi barua ya namna hiyo peke yake humfanya mwajiri agundue kwamba hesabu zake hazina msingi, kwani duka ambalo halijahesabu mali yake tangu katikati ya mwaka haliwezi kujua kamusi ilitoka Julai au Desemba, wala kama kweli iliibwa au haikuletwa kabisa na msambazaji. Baki na nakala yenye tarehe, na hifadhi ujumbe wowote wa simu unaoonyesha kiasi ulichozoea kulipwa na kiasi ulicholipwa mwezi huo. Asipojibu, au akikataa, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ofisi ya Mwanza, ambako hatua ya kwanza ni kukaa mezani na msuluhishi. Angalia kalenda: migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ilipotokea, na yako ilianza Desemba.